Kuumika Kichwani kwa Yatima: Mkono wa Mkunga Hujifunza kwa Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Waarabu wana methali moja ambayo wengi wetu tuliipitia haraka katika somo la lugha tukaendelea na nahau. Husema kuhusu mtu fulani kwamba anajifunza kuumika kwenye vichwa vya mayatima. Kuumika, yaani hijama, ni kazi yenye wembe ndani yake. Anayeianza mkono wake hutetemeka, hukata mahali pasipofaa, na huacha kovu. Kwa hiyo hamwendei mtoto mwenye baba, maana baba atakuja kuuliza. Humwendea yatima. Akishaharibu vichwa kumi vya mayatima, huwa fundi, kisha hufungua duka na kuwaumika watoto wa wenye nafasi zao, nao humsifu kwa wepesi wa mkono.

Methali hii ina swali zito ndani yake, na nataka tulijadili kwa uzito huo. Kila ujuzi wa mkono unaomgusa binadamu ulianza kwa mkono usiojua. Mkono huo ulijifunza kwa mwili wa mtu. Ni nani mtu huyo, aliulizwa, na sisi tunaonufaika na ujuzi huo leo tunadaiwa nini?

Swali hili nimelipata kwa dada ninayekaa naye hosteli. Yeye anasomea ukunga, mimi nasomea taaluma za Kiislamu. Usiku kila mmoja anakaa na vitabu vyake, mimi na fiqhi yangu, yeye na daftari lake la mazoezi ambalo mwalimu wa wodi husaini kila anapomaliza kazi fulani mbele yake. Siku moja aliniuliza: "Ustadha, wewe unayesoma halali na haramu, niambie. Mama akiwa na uchungu akaniona nimevaa sare, akadhani mimi ni mkunga kamili, nami namgusa ili nijifunze. Hapo nina haki gani?" Mimi si mufti, na haya ninayoandika si fatwa. Ni fikra za mwanafunzi aliyejaribu kuwatendea haki watu wawili: yule anayejifunza na yule anayejifunziwa.

Mkono unajifunza nini?

Wengi wetu ambao hatujaingia leba tunadhani ukunga ni kusubiri mtoto atoke na kumpokea. Nilipoanza kumsikiliza mwenzangu nilielewa kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haionekani kwa macho kabisa. Mkunga anaweka viganja vyake juu ya tumbo na kutambua kichwa kiko wapi, mgongo uko upande gani. Anaweka pembe ya kusikilizia kwenye tumbo na kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Anapima kwa vidole viwili jinsi mlango wa kizazi ulivyofunguka, mpaka utimie sentimita 10, na kila kipimo anakiandika kwenye karatasi ya patografu ili aone kama uchungu unakwenda vizuri au umekwama.

Kichwa kinapotokea, mkono mmoja unakizuia kisiruke ghafla na mwingine unaulinda msamba usichanike. Mtoto akishatoka, mama huchomwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, katika dakika ya kwanza. Kisha mkono mmoja huvuta kitovu kwa upole na mwingine husukuma mfuko wa uzazi kwenda juu, juu ya mfupa wa kinena, ili kondo la nyuma litoke bila kuuvuta mfuko wenyewe. Halafu mkunga husugua tumbo mpaka mfuko ukaze kama mpira mgumu, maana mfuko uliolegea ndio unaomwaga damu. Damu ikifika mililita 500, hiyo ni hatari, na macho mara nyingi hukadiria chini ya ile iliyomwagika kweli. Pembeni kuna mtoto. Asipopumua, kazi ya kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa inatakiwa iwe imeanza kabla dakika moja haijaisha.

Sasa fikirini kuhusu vile vidole viwili. Kitabu kinaweza kuandika sentimita 6, na ukutani kunaweza kuwa na picha ya duara la sentimita 6. Lakini ndani ya mwili hakuna rula. Kidole kinapaswa kujua chenyewe. Na njia ambayo kidole hujua ni hii: mwanafunzi anapima, anasema "sita", kisha mwalimu anapima baada yake na kusema "hapana, ni nne, rudia kufikiri". Mama yule amepimwa mara mbili katika uchungu wake wakati mara moja ingetosha. Mara ya pili haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa kwa ajili ya mwanamke mwingine ambaye labda atajifungua miaka mitano baadaye mahali ambapo hakuna mwalimu, kuna yule mwanafunzi tu, akiwa sasa ni mkunga peke yake usiku.

Hiyo ndiyo bei ya ujuzi. Mara nyingi haimletei mama madhara makubwa. Ni maumivu ya ziada, aibu ya ziada, dakika za ziada. Lakini ni bei, na kuna mtu anailipa.

Je, haiwezekani kujifunza bila kumgusa mtu?

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameweka katika Muqaddima yake mlango mzima kuhusu ukunga. Anauhesabu miongoni mwa kazi ambazo jamii ya watu haiwezi kusimama bila hizo, na anasema kwa kawaida ni kazi ya wanawake kwa sababu ya sitara. Katika milango ya jumla kuhusu kazi za ufundi anaeleza neno ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiarabu analijua: malaka. Kwake yeye malaka ni tabia ya ustadi inayokaa ndani ya nafsi kwa kulirudia tendo mara nyingi, na inayotokana na kuona na kutenda ni kamili kuliko inayotokana na kusimuliwa. Hapo Ibn Khaldun amekwishajibu. Ukunga ni malaka, na malaka haipatikani kwa mihadhara.

Hata hivyo binadamu wametafuta njia ya kupunguza bei. Mwaka 1759 mfalme wa Ufaransa, Louis XV, alimpa mkunga mmoja, Madame du Coudray, ruhusa ya kuzunguka nchini kufundisha wanawake wa vijijini. Alitembea na mwanasesere wa kitambaa mwenye umbo la kiuno cha mama, pamoja na mtoto wa kitambaa, ili mikono ifanye makosa yake pale kabla ya kumgusa mtu. Leo vyuo vya ukunga vina wanasesere bora zaidi. Kuna wanaofungwa kiunoni mwa mwalimu, wana mfuko wa damu ya bandia, na mwalimu anaweza kuifungulia imwagike ili mwanafunzi ajifunze kuizuia bila kupaparika.

Mwanasesere hafuti deni lote. Haoni haya, hashiki mkono wako kwa nguvu, hakuombi umwite mama yake. Lakini kuwepo kwake kunabadilisha hukumu. Zamani mkunga aliyejifunza kila kitu kwa mwili wa mtu alikuwa na udhuru kwamba hakukuwa na njia nyingine. Leo, kosa ambalo lingeweza kumalizikia kwa mwanasesere, likifanywa kwa mama, halina udhuru huo. Dharura, kama tunavyofundishwa katika kanuni za fiqhi, hukadiriwa kwa kiasi chake. Kinachobaki baada ya mwanasesere ndicho tunachoruhusiwa kukiita dharura.

Fardhi ya nani?

Kabla sijafika kwenye haki ya mama, niseme neno kwa wale wenzangu ambao jibu lao la kwanza ni kwamba basi wanafunzi wasiguse wagonjwa kabisa, kwa sababu ya sitara na heshima. Imamu Ghazali, katika Kitabu cha Elimu kilichomo ndani ya Ihyaa, ameuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya. Wakijitokeza wa kutosha, jukumu huondoka kwa wengine. Wasipojitokeza, mji wote umepata dhambi. Na analalamika kwamba katika miji mingi ya zama zake hapakuwa na tabibu Muislamu, huku watu wakisongamana kwenye fiqhi, hasa mambo ya mabishano. Mimi ninayesoma fiqhi nilipousoma ukurasa huo nilijiona nimeandikwa.

Vitabu vya sira vinamtaja Salma, mke wa Abu Rafi', kuwa ndiye aliyekuwa mkunga wakati wa kuzaliwa Ibrahim mtoto wa Mtume (s.a.w.). Mafaqihi nao waliutegemea ushahidi wa wanawake katika mambo ya uzazi ambayo wanaume hawayaoni. Madhehebu ya Hanafi na Hanbali yanaukubali hata wa mwanamke mmoja. Sheria inayolitegemea neno la mkunga kiasi hicho haiwezi kutaka wakunga wasipatikane. Na mkunga hapatikani bila kujifunza. Kwa hiyo kujifunza kwenyewe ni sehemu ya fardhi.

Lakini tuwe waangalifu hapa. Fardhi kifaya ni jukumu la umma wote. Ikiwa umma wote unadaiwa, kwa nini walipaji wawe ni watu wale wale kila siku?

Walilipa akina nani?

Historia inatupa majibu yasiyopendeza. Katika hospitali kuu ya uzazi ya Vienna, karne ya 19, wanawake maskini walihudumiwa bure, na badala yake miili yao ilitumika kufundishia. Kulikuwa na kliniki mbili. Ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari, ya pili ilifundisha wakunga. Kati ya 1841 na 1846, katika kliniki ya kwanza walikufa karibu akina mama 10 katika kila 100, na katika ya pili karibu 4. Mji ulijua. Wanawake walipopelekwa kliniki ya kwanza waliomba kwa machozi wasipokelewe huko. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba wanafunzi walitoka kupasua maiti na kuja moja kwa moja kuwapima wazazi, na mikono yao ndiyo iliyobeba mauti. Aliamuru wanawe kwa maji ya klorini, na katika muda wa miezi miwili vifo vilishuka chini ya 3 katika kila 100. Tukimsifu Semmelweis, tusiwasahau wale waliokuwa wakilia mlangoni. Wao waliusema ukweli kabla yake, ila hawakuwa na sauti.

Alabama, Marekani, kati ya 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims alijifunza kuitengeneza fistula, lile tundu linalobaki baada ya uchungu wa muda mrefu na kumfanya mama avuje mkojo bila kikomo. Alijifunza kwa wanawake watumwa. Watatu tunawajua kwa majina: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha peke yake alipasuliwa takriban mara 30, bila dawa ya usingizi. Ruhusa ilitolewa na waliowamiliki. Ufundi ule umewasaidia wanawake wengi baada yake, wakiwemo wa Afrika. Mwaka 2018 sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York.

Na hapa kwetu Uganda? Mwaka 1879, Kahura katika Bunyoro, Muingereza aitwaye Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mama wa miaka kama 20 ili kumtoa mtoto, na baadaye, mwaka 1884, akachapisha habari hiyo katika jarida la udaktari la Edinburgh. Mikono ya mganga na tumbo la mama vilioshwa kwa pombe ya ndizi na maji, damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa sindano za chuma na kupakwa dawa ya mizizi. Felkin alipoondoka, siku ya 11, mama na mtoto walikuwa hai na wazima. Hii ni habari ya kujivunia, nami najivunia. Lakini mkono ule haukuzaliwa ukijua. Kulikuwa na mwalimu nyuma yake, na mwalimu wa mwalimu, na nyuma yao wote wanawake wa mwanzo ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Sisemi kwamba hali hizi tatu ni sawa. Mtumwa si sawa na mgonjwa maskini, na Bunyoro si Alabama. Ninachosema ni kwamba popote pasipo na utaratibu wa haki, mkono unaojifunza hushuka chini wenyewe kama maji, mpaka umkute asiyeweza kusema hapana.

Kujua kunabadilisha hukumu

Imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimbebesha dhamana mtu anayejitia katika utabibu bila kujulikana kuwa na ujuzi wake. Ibn al-Qayyim aliifafanua hukumu hii katika mlango wa tiba ndani ya Zadul Maad kwa kuwagawa matabibu katika mafungu. Katika fungu la asiyejua anaweka tofauti ambayo kwangu mimi ndiyo ufunguo wa jambo lote. Mgonjwa akijua kwamba huyu si mjuzi, na pamoja na kujua akamruhusu, dhamana haimwangukii. Lakini mgonjwa akidhani kuwa ni mjuzi na akamruhusu kwa dhana hiyo, anadhamini alichokiharibu.

Mwanafunzi wa ukunga chini ya mwalimu wake si sawa na tabibu wa uongo, na ni dhulma kumfananisha naye. Anajifunza kwa mpango, chini ya usimamizi, kwa idhini ya chuo. Lakini kanuni iliyomo inamfikia: ruhusa iliyojengwa juu ya dhana potofu si ruhusa. Mwenzangu ananiambia kwamba katika wodi moja aliyopelekwa, wanafunzi hutambulishwa wote kama "sista" ili akina mama wasiwe na wasiwasi. Sare nyeupe inasema jambo ambalo mdomo hausemi. Mama anamruhusu sista, na kumbe anayemgusa ni mwanafunzi. Idhini ile alimpa mtu mwingine.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu lilikuwa hili. Huna haki yoyote juu ya mwili wa yule mama, hata kama daftari lako limebakiza saini moja. Unachoweza kupata ni amana, na amana hutolewa na mwenyewe. Sema jina lako. Sema kuwa unajifunza. Muonyeshe mwalimu wako, awe karibu kweli, si chumba cha pili akinywa chai. Kisha uliza.

Lakini uchungu unaacha nafasi gani ya kuulizwa? Qur'ani, katika Sura Maryam, inatueleza kwamba uchungu ulimpeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, naye, mwanamke aliyeteuliwa, alitamani lau angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Ikiwa yeye alifikia hapo, mama wa kawaida mwenye sentimita 8 atasema ndiyo kwa lolote ilimradi mtu amshike mkono. Ndiyo ya namna hiyo haina uzito. Ndiyo maana mahali pa kuuliza ni kliniki ya wajawazito, wiki kadhaa kabla, akiwa amekaa, ana akili yake, na anaweza kwenda nyumbani kulifikiria. Leba anapoingia, swali liwe la kuthibitisha tu, na jibu la hapana lipokewe bila uso kukunjwa.

Wakiulizwa, si watakataa wote?

Hii ndiyo hoja inayotolewa na walimu wengi, na si hoja ya kijinga. Mkunga asiyejifunza ni hatari kuliko mwanafunzi anayejifunza. Tukiwauliza wote na wote wakakataa, tumewaangamiza akina mama wa kesho kwa kuwaheshimu wa leo.

Nina majibu mawili. Kwanza, tunawadharau akina mama. Mwenzangu alianza kuuliza. Wapo waliokataa, naye alisogea pembeni akaangalia tu. Lakini wapo waliokubali ambao hakuwategemea. Mmoja, aliyekuja kujifungua mtoto wa sita, alimwambia: "Mwanangu, kijana wangu naye anajifunza umekanika kwa magari ya watu. Njoo, lakini mkubwa wako asitoke hapo." Mama yule aliielewa fardhi kifaya bila kufundishwa neno lenyewe. Tena aliweka sharti ambalo Ibn al-Qayyim angelikubali. Kuna tofauti kubwa kati ya mwili uliotumiwa na mwili uliotoa sadaka, ingawa kwa nje mkono na glovu ni vile vile.

Pili, na hapa ninazungumza nasi wenyewe. Wanaokataa ni akina nani? Mara nyingi ni sisi. Ni ndugu yetu aliyesoma, anayesimama mlangoni na kusema mwanafunzi asimguse mke wangu. Ni dada yetu mwenye bima anayelipia chumba chake. Na ni sisi hao hao ambao kila mhadhara wa wiki ya Uislamu tunasimama na kudai wakunga Waislamu, madaktari wanawake, sitara katika wodi. Tunataka mkono uliokwisha kuwa hodari. Hatutaki uwe ulijifunza kwetu.

Basi utajifunza kwa nani? Utajifunza kwa mama mkimbizi aliyevuka mpaka na hajui lugha ya wodini. Utajifunza kwa msichana aliyekuja peke yake, bila mume wala shangazi wa kuuliza chochote. Huyo ndiye yatima wa ile methali. Na sisi tumemchagua, ingawa hatukumgusa, kwa sababu kila mwenye sauti alipokataa, ni yeye tu aliyebaki.

Sisemi kwamba mama anawajibika kukubali. Haki ya kukataa ni yake, si ya mumewe wala ya mwanafunzi, na hakuna anayepaswa kumhukumu kwa hilo. Lakini jambo kuwa haki yako hakulifanyi kuwa jema kila mara. Mtu ana haki ya kutotoa sadaka hata siku moja nje ya zaka yake. Umma ambao kila mtu ameitumia haki hiyo ni umma mbaya.

Dharura na sitara

Mambo mawili madogo yanabaki. Panapotokea hatari kweli, damu inamwagika au mtoto hapumui, hakuna muda wa kuuliza wala wa kufundishana. Hapo mkono hodari zaidi chumbani ndio unaotangulia, na mwanafunzi analeta vifaa, anashika anachoambiwa, anaangalia. Maisha ya mama si nafasi ya kujaza daftari.

Na ruhusa ya mmoja si ruhusa ya sita. Mama aliyekubali mwanafunzi mmoja ampime hajakubali duara la wanafunzi limzunguke kitandani pazia likiwa wazi. Mwili wake umeruhusiwa kuonekana kwa kiasi cha haja, na haja ya kujifunza ya mtu wa sita inaweza kusubiri mama mwingine.

Tufanye nini?

Dada zangu mnaosomea uuguzi na ukunga: tajeni kwamba mnajifunza, hata pale wodi haiwalazimishi. Rudini kwa mwanasesere mara nyingi zaidi ya mnavyodaiwa. Na mkimaliza, mtakapokuwa walimu, kumbukeni kusimama karibu.

Ndugu zangu mtakaokuwa waume: siku ikifika, msilitoe jibu mlangoni kwa niaba yake. Mwulizeni mapema, mkiwa nyumbani, na mkitaka sitara, dai mkunga mwanamke na pazia, lakini msidai kwamba asijifunze mtu.

Dada zangu wote, mimi nikiwa mmoja wenu: Mwenyezi Mungu akitujaalia uzazi, tuwe miongoni mwa wanaosema ndiyo, kwa sharti la mwalimu kuwepo. Tuna lugha ya kuuliza maswali na sauti ya kusimamisha mambo yakienda vibaya. Sisi ndio tunaofaa kuanza, maana tunaweza kujilinda.

Na jumuiya yetu, ambayo kila mwaka inachanga fedha za mabango na fulana: mwaka huu tuchangie mwanasesere mmoja kwa chuo cha ukunga kilicho jirani. Kila kosa litakaloishia kwake ni maumivu yaliyopunguzwa kwa mama tusiyemjua. Sidhani kama kuna fulana yenye thawabu hiyo.

Kila mmoja wetu anayesoma hapa alipokewa duniani na mkono wa mtu, awe mkunga wa hospitali au bibi wa kijijini. Mkono ule ulijifunza kwa mwanamke ambaye hatumjui jina. Hatuwezi kumlipa yeye. Tunaweza kuwalipa wanaokuja.

Nawaomba mlijadili hili katika halaka zenu, na anayeona nimekosea katika hoja za fiqhi anisahihishe katika toleo lijalo. Mwenyezi Mungu awape wepesi akina mama walio katika uchungu usiku huu, aithibitishe mikono inayowahudumia, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaojifunza kwa yatima. Amin. Wallahu aalam.